Kumpa mgonjwa mahututi oksijeni: ninavyofanya wodini

Pokea zamu ya usiku katika wodi yoyote hapa Mombasa, utaambiwa: "Sista, kitanda cha nne yuko kwa oksijeni." Uliza ni lita ngapi, kwa kifaa gani na lengo ni asilimia ngapi ya oksijeni kwenye damu, uone watu wanavyotazamana. Antibiotiki hatuipeani hivyo. Oksijeni nayo ni dawa: 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini, si kama gesi ya chumba cha upasuaji tu.

Hatua ya 1: Pima, lakini usidanganywe na kidole

Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi, midomo imegeuka rangi au fahamu zinapotea, mwekee oksijeni kwanza, vipimo vifuate. Wengine wote, pima kabla.

Hapa Pwani kuna jambo la kuangalia. Bibi ametoka harusini juzi, kucha zote zina hina, na juu yake piko nyeusi. Oksimita, ile mashine ya kubana kidoleni inayopima oksijeni ya damu, inasoma 84, au haisomi kabisa. Mwambie, "Bibi, niazime kidole kisicho na hina." Asipokuwa nacho, tumia kibanio cha sikio kama wodi inacho. Kisha shika kifundo cha mkono, uhesabu mapigo mwenyewe. Ikiwa mashine inasema 58 na wewe umehesabu 110, hata ile asilimia iliyo kando usiiamini.

Kumbuka pia kwamba kwenye ngozi nyeusi oksimita huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Na aliyelala na jiko la makaa chumba kimefungwa anaweza kukuonyesha 99 huku anakufa kwa sumu ya moshi. Huyo mpe oksijeni ya juu bila kujali namba.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Ile 20 inayoandikwa kwa kila mgonjwa wodini sote tunajua inakotoka: imekisiwa, haikuhesabiwa.

Hatua ya 2: Andika lengo

Kwa watu wazima wengi walio mahututi mimi hulenga 94 hadi 98. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, yule mvutaji wa miaka mingi, 88 hadi 92. Kumpandisha huyu hadi 100 kunaweza kumlimbikizia kaboni dayoksaidi akasinzia moja kwa moja. Lakini kumnyima kwa woga ni kosa baya zaidi.

Hatua ya 3: Chagua kifaa

Mrija wa puani ni lita 1 hadi 5 kwa dakika. Barakoa ya kawaida, lita 5 hadi 10. Chini ya 5 mgonjwa anavuta tena hewa yake chafu. Barakoa yenye mfuko, 10 hadi 15. Hii ya mwisho ndiyo inayokosewa sana: ziba vali kwa kidole, subiri mfuko ujae, ndipo umvike. Akivuta pumzi na mfuko ukanywea kabisa, ongeza lita.

Flomita, kile kipimo cha lita chenye kijipira ndani, isome katikati ya kijipira, macho yako yakiwa sawa nacho. Kama unatumia chupa ya unyevu, tia maji yaliyotakaswa. Ya bomba hapana, na ya kisima chetu cha chumvi ndiyo usithubutu.

Hatua ya 4: Mketishe, kisha ufuate mrija

Inua kichwa cha kitanda. Halafu pitisha mkono kutoka ukutani hadi usoni pake. Usiku mmoja nilikuta mzee anahema, kijipira kimetulia kwenye 10, kila mtu ameridhika. Mrija ulikuwa umechomoka kwenye barakoa, unapulizia shuka. Tangu hapo siitazami flomita kabla ya kuugusa mrija.

Ndugu waliokuja na udi wa kufukizia, waombe kwa adabu wautoe nje. Penye oksijeni, kaa dogo tu linatosha kuwasha shuka.

Hatua ya 5: Rudi

Baada ya dakika 5 pima tena, uandike namba pamoja na lita na kifaa. Asipofikia lengo kwa barakoa yenye mfuko kwenye lita 15, mwite daktari sasa hivi, usingoje raundi. Akitulia juu ya lengo, punguza kidogo kidogo huku ukipima.

Hatua ya 6: Akihamishwa, piga hesabu

Mtungi mdogo wa saizi E ukijaa una takriban lita 680. Geji ikiwa nusu, umebaki na 340. Gawanya kwa lita 15: dakika 22. Unamleta mgonjwa kutoka Kwale na foleni ya feri Likoni unaijua. Hata dereva akizungukia barabara ya Dongo Kundu kuepuka feri, hesabu muda wa safari mara mbili, kisha beba mtungi wa pili. Na ufunguo wake utie mfukoni mwako mwenyewe, si kwenye kabati la ambulensi.