Somo: Kutuma taarifa za utafiti kwa setilaiti kutoka misitu ya Rungwe

Ukishuka bonde moja tu ndani ya msitu wa Mlima Rungwe, simu ya kawaida hukosa mtandao, na mtafiti akivunjika mguu huko hana njia ya kuita msaada. Kwa hiyo fuateni hatua hizi kabla ya kupanda.

Hatua ya kwanza ni kibali. Simu ya setilaiti ni chombo cha redio. Ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kuhusu leseni mapema, wakati uleule mnaoshughulikia kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia.

Hatua ya pili ni kuchagua mfumo kwa kuangalia anga la kambi yenu. Inmarsat na Iridium ni mifumo miwili ya simu za setilaiti. Setilaiti za Inmarsat ziko juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, na kwa aliye ardhini huonekana hazihami. Ukitegemea ile ya Bahari ya Hindi, mlima ulio mashariki ya kambi unaweza kukuzibia kabisa. Setilaiti 66 za Iridium huzunguka kwenye kimo cha kilomita 780, hivyo moja ikizama nyuma ya mlima, nyingine huchomoza baada ya dakika chache. Kwenye nyasi za Kitulo, uwanda wa juu ulio wazi jirani na Rungwe, mifumo yote miwili hufaa. Chini ya miti mikubwa ya Rungwe, majani yaliyolowa hunyonya mawimbi, na hakuna simu ya bei yoyote itakayoliondoa tatizo hilo.

Hatua ya tatu, ambayo naisisitiza kuliko zote, ni kupunguza mzigo. Modemu ndogo ya Iridium, yaani kifaa cha kutuma taarifa tu bila sauti, hutuma baiti 340 kwa ujumbe mmoja. Picha ya kipunji, nyani wa misitu hii, yenye megabaiti 3 ingehitaji jumbe zaidi ya 8,000, ilhali namba ya kamera iliyotegwa msituni, saa, idadi ya wanyama na hali ya betri huenea katika ujumbe mmoja. Picha zibaki kwenye kadi mpaka mtakaposhuka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Je, mvua za Machi zitakata mawasiliano?

Jibu: Marahaba. Simu hizi hutumia masafa ya gigahetzi 1.6 hivi, ambayo mvua haiyadhuru sana. Madishi ya intaneti yenye masafa ya gigahetzi 12 na zaidi ndiyo huzidiwa na mvua kubwa.

Swali: Kifaa changu kilipata GPS chini ya miti, lakini ujumbe haukuondoka. Kwa nini?

Jibu: GPS husikiliza tu, tena setilaiti nyingi kwa pamoja, ilhali kutuma kunahitaji setilaiti ikusikie nawe uisikie. Andika ujumbe ukiwa kivulini, kisha kiweke kifaa kwenye uwazi, antena ikitazama juu, na usikizime mpaka uthibitisho urudi.