Jinsi ya kusoma habari ya utafiti wa presha kabla ya kugusa dozi yako

Kiangazi kilichopita, mama mdogo wangu anayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma, alitumiwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ukisema kwamba madaktari wa hospitali ya chuo kikuu nchini China wamegundua kuwa mtu mwenye kisukari anatakiwa ashushe namba ya juu ya presha yake hadi chini ya 120. Alipima kwa mashine ya jirani, akakuta 148, na bila kumwambia mtu akaanza kumeza vidonge viwili vya amlodipini badala ya kimoja alichoandikiwa. Wiki moja baadaye, saa nane mchana, aliinuka ghafla kutoka kwenye kigoda alichokalia akichambua mlenda, macho yakaingia giza, akaanguka na kuchubuka mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na bega. Mfupa haukuvunjika, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Ujumbe ule haukuwa uzushi. Utafiti wenyewe upo, ulifanywa kwa uangalifu mkubwa, na naamini utawasaidia watu wengi. Kilichotokea ni kwamba sentensi moja ilichomolewa kutoka katika kazi ya miaka kadhaa iliyohusisha maelfu ya wagonjwa, ikafika jikoni kwa mama mdogo bila maelezo ya nani alipimwa, alipimwaje, na nani alikuwa akimwangalia wakati dawa zinaongezwa. Naandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mtoto au mpwa ambaye ndiye anayemsomea mzazi wake habari za namna hii kwenye simu.

Tafuta utafiti wenyewe

Habari inayostahili kusomwa itataja angalau jina la jarida, mwaka wa kuchapishwa, na chuo au hospitali iliyoongoza kazi hiyo. Ukivipata hivyo, fungua PubMed, ambayo ni hazina ya mtandaoni ya serikali ya Marekani inayotunza mihtasari ya tafiti za tiba na kuitoa bure, kisha uandike jina la utafiti au la ugonjwa. Muhtasari huwa wa Kiingereza, hauzidi ukurasa mmoja, na kwa kawaida una usuli, mbinu, matokeo na hitimisho. Wengi hukimbilia hitimisho, lakini mimi nakushauri uanze na mbinu, kwa sababu huko ndiko utakakoona kama utafiti ule unamhusu mtu wako au haumhusu. Kama Kiingereza kinakuwia kigumu, mwombe mtu akutafsirie sehemu hiyo moja tu, neno kwa neno, bila kufupisha.

Utafiti uliomfikia mama mdogo unaitwa BPROAD. Ulichapishwa Novemba 2024 katika New England Journal of Medicine, na uliongozwa kutoka Hospitali ya Ruijin, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong.

Uliza ni akina nani walioandikishwa

Hapa ndipo ninapotaka usomaji wako uwe wa polepole kuliko mahali pengine pote. Kila jaribio la tiba huweka masharti ya nani anaingia na nani anabaki nje, na matokeo yake huwasemea kwanza wale walioingia. BPROAD iliandikisha watu 12,821 wenye kisukari cha aina ya pili, wenye umri wa miaka 50 au zaidi, ambao presha yao ilikuwa juu na ambao tayari walikuwa katika hatari kubwa ya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, katika vituo 145, vyote nchini China.

Ukiulinganisha na tafiti zilizoutangulia, utaelewa kwa nini jambo hilo lina uzito. Mwaka 2010, utafiti wa ACCORD wa Amerika Kaskazini uliwafuatilia wagonjwa 4,733 wenye kisukari, na haukuona tofauti ya kutosha kati ya walioshushwa chini ya 120 na walioachwa chini ya 140. Mwaka 2015 ukaja SPRINT, wenye watu 9,361 nchini Marekani, ukaonyesha faida iliyo wazi kiasi kwamba ulisimamishwa kabla ya muda wake; lakini SPRINT uliwaacha nje wenye kisukari pamoja na waliowahi kupata kiharusi. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, daktari aliyemwambia mgonjwa wa sukari kwamba 130 na kitu inatosha hakuwa mvivu wala hakuwa nyuma ya wakati, bali alikuwa akisema kile ambacho ushahidi wa wagonjwa wa aina hiyo ulimruhusu kusema. BPROAD ndiyo iliyokuja kuongeza uzito upande wa pili wa mizani.

Basi chukua karatasi, uandike umri wa mgonjwa wako, magonjwa mengine aliyonayo, dawa anazotumia na hali ya figo zake, kisha ujiulize: je, watafiti wangemwandikisha? Mama mdogo ana miaka 63 na ana kisukari, kwa hiyo kwa sehemu kubwa angefaa. Hata hivyo walioshiriki walikuwa Wachina, na dawa za presha hazifanyi kazi kwa kiwango kilekile kwa watu wote. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanywa kwa wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji, ulionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ndani yake hushusha presha vizuri kuliko dawa nyingine mbili za presha, perindopirili ikiunganishwa na hidroklorothiazidi. Namba ya kulenga inaweza kutoka Shanghai, lakini uchaguzi wa dawa ya kuifikia unahitaji kujua pia kilichopimwa kwa watu wa huku kwetu.

Badilisha asilimia ziwe watu

Ujumbe wa WhatsApp ulisema kwamba hatari ilipungua kwa asilimia 21. Ni kweli, lakini asilimia peke yake haikuambii ilipungua kutoka wapi. Katika BPROAD, wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi mawili yenye watu wapatao 6,400 kila moja. Kundi moja lililengwa chini ya 120, na jingine chini ya 140. Baada ya muda wa wastani wa miaka 4.2, matukio makubwa, yaani kiharusi, shambulio la moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, au kifo kitokanacho na moyo na mishipa, yaliwapata watu 393 katika kundi la kwanza na 492 katika kundi la pili.

Toa 393 katika 492, utapata 99. Gawanya 6,400 kwa 99, utapata takribani 65. Maana yake ni kwamba, kwa hesabu hiyo ya haraka, wagonjwa wapatao 65 walitibiwa kwa lengo la chini kwa zaidi ya miaka minne ili mmoja wao aepushwe na tukio kubwa. Sisemi kwamba hilo ni dogo. Kwa familia iliyowahi kumgeuza mzazi kitandani baada ya kiharusi, mmoja kati ya 65 ni mtu mwenye jina. Ninachosema ni kwamba faida ya aina hii hujengeka kwa miaka, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuikimbilia ndani ya wiki moja kwa vidonge alivyojiongezea mwenyewe.

Angalia pia namba mbili zinazoandikwa karibu na matokeo kuonyesha mipaka ya makadirio. Hapa zilionyesha kwamba punguzo la kweli laweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na asilimia 31. Kadiri mipaka hiyo inavyokaribiana, ndivyo matokeo yanavyoaminika zaidi. Mipaka ikigusa sehemu ambayo hakuna faida kabisa, weka habari hiyo pembeni kwanza.

Kuna namba nyingine ambayo vichwa vya habari havikuigusa. Baada ya mwaka mmoja, kundi lililotakiwa kufika chini ya 120 lilikuwa na wastani wa 121.6. Hata kwa dawa za uhakika na wauguzi wa kufuatilia, si wote waliolifikia lengo, na bado faida ilionekana. Nilipomweleza mama mdogo jambo hilo alipumua kwa nguvu, kwa sababu alikuwa amejihesabu kuwa ameshindwa kila mashine ilipoonyesha 125.

Soma madhara kwa umakini uleule

Kundi la lengo la chini katika BPROAD lilipata zaidi hali ya presha kushuka hadi mtu kusikia dalili, pamoja na kupanda kwa madini ya potasiamu katika damu. SPRINT nao ulikuta kuzimia na kuumia kwa figo vikiongezeka. Watafiti waliyagundua haya kwa sababu waliwaita wagonjwa, wakawapima damu, na kupunguza dawa palipohitajika. Ukiongeza dozi nyumbani unachukua dawa peke yake na kuuacha nje ule ulinzi wote. Kwa Dodoma ningeongeza angalizo: katika miezi ya joto na vumbi kabla ya mvua, mtu mzima anayekunywa maji kidogo na kutumia dawa ya kukojoza anaweza kuishiwa maji mwilini bila kujua, na presha yake ikashuka zaidi anaposimama. SPRINT haukumwandikisha mtu ambaye namba yake ya juu ilikuwa chini ya 110 baada ya kusimama kwa dakika moja. Kipimo hicho cha kusimama hakina gharama yoyote, na unaweza kukiomba kliniki.

Pima kama walivyopima wao

Namba 120 ya watafiti ilitoka kwa mtu aliyeketi ametulia, na SPRINT uliwapumzisha watu dakika tano kabla ya mashine kupima mara tatu na kuchukua wastani. Mgonjwa aliyeshuka kwenye daladala, akapanga foleni tangu alfajiri, kisha akafungwa mkanda juu ya sweta huku akijibu maswali, atatoa namba nyingine kabisa.

Nyumbani fanya hivi. Kaa nusu saa bila kahawa, chai ya rangi wala sigara, na uende msalani kwanza. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili ikiwa imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono ukiwa wazi bila nguo na umelazwa mezani kwenye usawa wa moyo. Tulia dakika tano bila kuongea, pima, subiri dakika moja, pima tena, na uandike zote mbili pamoja na saa. Rudia asubuhi na jioni kwa siku saba. Andika pembeni chochote kisicho cha kawaida: usiku usio na usingizi, kidonge kilichosahauliwa, au mboga iliyotiwa magadi mengi, maana magadi nayo yana sodiamu kama chumvi, na mlenda wetu huwa hauyakosi.

Daftari hilo, pamoja na muhtasari wa utafiti uliochapishwa au kuhifadhiwa kwenye simu, ndivyo vya kubeba kwenda kliniki ya presha na sukari. Muulize daktari kwa adabu na kwa uwazi: lengo langu ni namba ngapi, na kwa nini? Tukiongeza dawa, figo na potasiamu vitapimwa lini? Nikisikia kizunguzungu nifanye nini usiku huo, kabla sijafika kwako?

Ukialikwa wewe mwenyewe kushiriki

Dodoma ina Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa hiyo huenda siku moja mtafiti akakuomba ushiriki. Muombe akuonyeshe kibali cha maadili, kama kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ikiwa ni jaribio la dawa, kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fomu ya ridhaa isomwe yote kwa Kiswahili, upewe nafasi ya kuuliza, nawe una haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Mama mdogo alikwenda kliniki na daftari lake mwezi uliofuata, akiwa amesharudi kwenye kidonge kimoja tangu siku alipoanguka. Wastani wa siku saba ulikuwa 136, si ile 148 iliyomtisha. Daktari alimpima akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, akaagiza kipimo cha figo na potasiamu, na baada ya majibu akamwongezea dawa ya aina ya pili kwa dozi ndogo, na kumpa tarehe ya kurudi baada ya wiki nne. Juu ya ukurasa mpya wa daftari alimwandikia kwa kalamu nyekundu lengo lake la miezi mitatu ya kwanza: chini ya 130.