Diwani wako anapojadili kumpunguzia mwekezaji kodi au kumpa kiwanja, we fanya hivi

Wana Mwanza, kikao cha baraza la madiwani kipo wazi kwa wananchi, unaingia unakaa nyuma unasikiliza, ila kuongea huruhusiwi kwahiyo usiende na hasira zako. Kaulize kwanza uko upande gani maana toka 2012 Nyamagana ni jiji na Ilemela ni manispaa, mtu wa Kirumba ukienda jiji umepotea njia.

Mbane diwani kabla, mkute hata kijiweni, kwasababu mambo mengi yanapikwa kwenye kamati, ya fedha na ya mipango miji, barazani wanakuja kugonga meza tu. Swali la kumuuliza: halmashauri inatoa nini? Mara nyingi sio hela, ni kiwanja kinaingizwa kama hisa kwenye ubia, sasa hapo ndo pa kukomaa, nani alithamini hicho kiwanja, hisa zetu ni asilimia ngapi, na gawio, yaani mgao wetu wa faida, linaanza lini, mkopo wa benki wa mradi ukiwa umeisha au kabla? Akikwambia "tutamsamehe kodi ya majengo" cheka kidogo, ile toka 2021 inakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme, sio diwani anayeikata. Halafu wamachinga wanaohamishwa kupisha mradi wanapelekwa wapi, hilo wengi husahau.