Radoni kwenye maji ya kisima: anza na pua, kinywa baadaye

Mama mkwe alipokuja kutoka Voi kukaa nasi miezi mitatu, maji ya bomba hakuyaamini hata kidogo. Kila jioni alijaza sufuria kubwa, akayachemsha mpaka dirisha la jikoni likajaa mvuke, akayaacha yapoe ndipo anywe. Nami nikamwachia, maana nilikulia hivyo hivyo. Kumbe kisima chetu kina radoni, gesi yenye mionzi, na moto hauiui. Huifukuza kutoka majini ikaingia kwenye hewa tunayovuta sote.

Tunakaa nje kidogo ya Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Kisima kimetobolewa kwa mashine ndani ya mwamba wa matale. Urani iliyomo mwambani huoza polepole ikawa radiamu, na radiamu ikatoa radoni: gesi isiyo na rangi, ladha wala harufu. Huwezi kuijua bila kipimo.

Kabla hujatoa pesa, jua maji yako yanatoka wapi. Ukipanga Portland, unakunywa Ziwa Sebago. Lewiston mjini ni Ziwa Auburn. Maji ya ziwa yamekaa wazi juani na upeponi, gesi imeshatoroka, kwa hiyo maji usiyahangaikie. Lakini hewa ya besmenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, ipime hata hivyo, kwa sababu radoni nyingi ya nyumbani hutoka kwenye udongo chini ya sakafu.

Mwenye kisima achukue sampuli, na hapa ndipo nilipoharibu. Chupa ya kwanza niliikinga chini ya bomba kama mtu anayekinga maji ya kunywa. Maji yakapiga kelele, gesi ikaondoka, na juu kukabaki kiputo cha hewa. Juu ya hayo sikuandika saa. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, na maabara wakikosa saa ya kuchukuliwa hawana pa kuanzia hesabu. Mara ya pili nilifuata maelekezo. Tumia bomba la maji baridi ambayo hayajapita kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Fungua kile kiwavu cha mdomoni. Acha maji yatiririke dakika kumi au zaidi, mpaka pampu ya kisima iwake. Kisha punguza kasi, weka bakuli, lijae mpaka mdomo wa bomba uzame, uzamishe kichupa humo na ukifunge kikiwa bado chini ya maji. Kipindue: ukiona kiputo, rudia. Kipeleke siku hiyo hiyo au kesho yake, wala usichukue sampuli Ijumaa jioni.

Wiki hiyo hiyo weka kipimo cha hewa kwenye ghorofa ya chini kabisa mnayoishi, madirisha yakiwa yamefungwa. Majibu ya maji peke yake ni nusu ya habari.

Yetu yalikuja hivi, kwa pikokiri (kizio cha mionzi) katika kila lita: maji 14,000, hewa ya besmenti 6.2, hewa ya chumba cha kulala 2.9. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: kila 10,000 majini huongeza takriban 1 kwenye hewa ya nyumba. Kwa hiyo maji yetu yalikuwa yanachangia kama 1.4. Ukiigawa namna hiyo unaona kwamba kule besmenti udongo ndio mkosaji mkubwa, ila chumbani juu karibu nusu ya mzigo ilitoka kwenye shawa, mashine ya kufulia na sufuria za mama.

Basi hatari ni kiasi gani? Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linakadiria vifo 168 kwa mwaka kutokana na radoni ya maji ya kunywa. Asilimia 89 ni saratani ya mapafu kwa kuvuta gesi iliyotoka majini, na 11 ni saratani ya tumbo kwa kuyanywa. Radoni yote kwa jumla, ya udongo pamoja na ya maji, huua watu kama 21,000 kwa mwaka nchini humo. Ndiyo maana nasema anza na pua. Na kama kuna mvutaji wa sigara nyumbani, mwambie hivi: hewa ikiwa na pikokiri 4 kwa lita kwa maisha yote, wavutaji wapatao 62 katika 1,000 hupata saratani ya mapafu, wasiowahi kuvuta ni 7. Mume wangu aliisoma mara mbili bila kusema neno.

Hiyo 4 ndiyo kiwango cha kuchukua hatua kwa hewa. Kwa maji, Maine hushauri ufikirie kuyatibu yakipita 4,000. Mlioko Ulaya majibu yenu huja kwa bekereli, kizio kingine cha mionzi: bekereli 1 ni kama pikokiri 27.

Sisi tulianza na besmenti, bomba na feni vya kuinyonya gesi chini ya sakafu, kisha maji. Fundi mmoja alitaka kutuuzia tangi la makaa ya kuchuja maji kwa bei nafuu. Makaa hunasa radoni kweli, lakini mionzi hujikusanya humo, na kwa 14,000 sikutaka tangi hilo ukutani mwa chumba cha watoto. Tukachagua mtambo wa kupuliza hewa ndani ya maji, ambao hutoa gesi ikapanda kwa bomba mpaka juu ya paa. Ni dola elfu kadhaa. Tulilipa kwa miezi.

Kichupa kikiwa mkononi, omba pia kipimo cha aseniki, sumu itokayo mwambani. Visima vingi vya Maine vinayo, na hiyo ndiyo ya kinywani hasa. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua yenyewe ikabaki. Yetu ilikuja 3.

Baada ya mtambo, maji yalisoma 160. Mama mkwe nilimweleza yote, akanisikiliza vizuri, akainuka akabandika sufuria yake.