Kufuatilia droni kwa rada: EKF inapokudanganya na namna ya kuikamata

Wadau, kuna kitu kinaniuma sana, mtu anakopi code ya EKF (Extended Kalman Filter, filta inayokadiria kitu kiko wapi kutoka kwenye vipimo vyenye makosa), grafu inatoka laini, anafunga laptopu anaenda kulala, kumbe filta iko nje ya njia na yenyewe inajiamini kabisa. Tuchukue rada ya ardhini inayoangalia droni, inatoa umbali na pembe tu.

Hatua ya 1: hali ya droni ni namba 4, yaani x, y na kasi zake mbili. Mwendo ni rahisi, mahali pa zamani jumlisha kasi mara muda. Ugumu uko kwenye kipimo, maana umbali ni kipeuo cha pili cha x² + y², na hiyo sio mstari ulionyooka.

Hatua ya 2: anza na EKF. Kalman alitoa filta yake 1960 kwa mifumo ya mstari, halafu Stanley Schmidt na wenzake NASA Ames walipoitaka kwa safari za Apollo wakawa wananyoosha mkunjo palepale kwenye kadirio la sasa hivi. Ile miteremko ya fomula inayotumika kunyoosha ndo Jakobiani hiyo.

Hatua ya 3, hapa tulia. Droni iko mita 1000 mbele, y ni sifuri, ila pembe huna uhakika nayo kwa digrii 5, kwa hiyo inaweza kuwa imekaa pembeni mita 87. Jakobiani hapo inasema ukisogea pembeni umbali haubadiliki hata kidogo. Piga hesabu mwenyewe: kipeuo cha pili cha 1000² + 87² ni 1003.8. Rada yako ina kosa la mita 1, hizo 3.8 filta inazichukua inazitupia kwenye x, halafu inapunguza kovariansi, yaani kiasi cha wasiwasi ilio nao juu ya kadirio lake, kana kwamba imejua kitu.

Hatua ya 4: hamia UKF (Unscented Kalman Filter) ya Julier na Uhlmann. Hali ya namba 4 inakupa pointi za sigma 9, yaani pointi za majaribio zilizotawanywa kuzunguka kadirio, kila moja unaipitisha kwenye fomula halisi ya umbali, kwa hiyo zile za pembeni zinauona mkunjo. Jakobiani huandiki.

Hatua ya 5: pembe. Utabiri 179, kipimo −179, ukitoa kavu unapata −358 wakati jibu ni 2. Mimi hii ilinila siku mbili nzima nikidhani rada ndo mbovu. Na wastani wa pembe za pointi za sigma upige kwa sine na kosine, sio kujumlisha digrii.

Hatua ya 6 naomba msiiruke. Kila kipimo chukua tofauti yake na utabiri, ipandishe kipeo cha pili ukiigawa kwa kovariansi yake, weka kwenye grafu. Una vipimo viwili, umbali na pembe, basi wastani uwe karibu na 2, na zinazovuka 5.99 ziwe kama 5 katika 100. Wastani ukiganda kwenye 6 hivi, filta inajiamini kupita kiasi, ongeza kelele ya mwendo, Q (kiasi unachoiruhusu filta kuutilia shaka utabiri wake wa mwendo), kidogo kidogo, endesha tena data ileile, angalia tena.