SOMO: Kushusha mzigo wa Fuso kwenye duka lisilo na pa kuegesha

Kuna kijana humu kundini ameanza kuendesha Fuso ya kusambaza saruji na vyakula madukani. Ameniomba nieleze tunafanyaje duka likiwa uchochoroni na foleni nyuma yako inapiga honi. Nilikuwa utingo miaka sita kabla ya kushika usukani, kwa hiyo mengi ya hapa niliyajua nikiwa chini, nikila vumbi. Niseme mapema: dereva anayelazimisha kufikisha tairi mlangoni kwa mteja ndiye anayechelewa kurudi kwake. Bega la kuli linafika pasipofika gari.

Hatua ya kwanza: kupakia. Kama una maduka manne, mzigo wa duka la mwisho ndio unatangulia kuingia, kule mbele nyuma ya kabini. Ukikosea hapo utajikuta Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, unashusha madumu ya mtu wa Manzese ili uifikie sukari, halafu unayapandisha tena huku watu wanakutazama. Uliza pia duka liko mkono gani wa barabara, ujue utafungua bodi (ukuta wa pembeni wa gari) ya upande gani.

Hatua ya pili: piga simu, kisha nenda kwa miguu. Mwenye duka muulize gari lililomletea mzigo mara ya mwisho lilikuwa la aina gani na lilisimama wapi. Akikwambia "linaingia tu, kirikuu kila siku iko hapa", hilo si jibu lako. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ina urefu wa mita 3.4 na upana usiofika mita moja na nusu, inapita hata kwenye mlango wa msikiti. Egesha barabara kubwa, shuka na utingo wako, tembeeni mpaka dukani. Juu mtazame nyaya za umeme zilizolegea na mabati ya vibaraza. Chini mtazame mitaro na mifuniko ya makaro.

Mifuniko ndiyo iliyonifundisha adabu. Tandale, mwaka wangu wa kwanza kwenye usukani, mteja alinihakikishia njia ni ngumu kama lami. Nilikuwa na mifuko 200 ya saruji, yaani tani 10. Tairi la nyuma kushoto likapita juu ya zege lililokuwa limefunikwa na mchanga. Likazama. Kumbe karo la nyumba ya jirani. Tulishusha mifuko yote pale pale ili gari liwe jepesi, na harufu ile siisemi. Karo nililijenga upya kwa pesa yangu. Mteja? Alikuja kuuliza kama saruji yake haijalowa.

Tangu siku hiyo, njia nisiyoiamini siingii. Naegesha nje, nafaulisha mzigo kwa guta (baiskeli ya mizigo ya miguu mitatu) au mkokoteni. Masika ndiyo kabisa, hata njia niliyoizoea naikagua upya.

Hatua ya tatu: muda. Kariakoo fika alfajiri, kabla machinga hawajatandika. Ikishapambazuka vizuri, nafasi uliyoiona jana ina meza tatu na mwavuli, na mwenye meza naye anatafuta riziki, usimpigie honi kama kwamba kakukosea. Msimbazi usithubutu kusimama kwenye njia ya mwendokasi hata kwa dakika mbili. Tumia mitaa ya pembeni. Ukiegesha penye ushuru, lipia na utunze kumbukumbu, maana deni la maegesho linafuata namba ya gari na bosi ataliona.

Hatua ya nne: rivasi. Uchochoroni ingia kwa nyuma, utoke kwa mbele. Ukiweza kuchagua, jipange ili mdomo wa uchochoro uwe kulia, upande wa dereva, kwa sababu kona ya nyuma utaiona kwa macho yako kupitia dirishani. Ukikata kwa kushoto unategemea kioo peke yake. Na kumbuka nyuma ikiingia, pua ya gari inafagia upande wa pili. Hapo ndipo bajaji za watu zinapogongwa.

Anayekuongoza awe mmoja tu. Wapiga debe, mwenye duka na watoto wote watapiga kelele "twende, twende". Wewe msikilize utingo. Asimame ambapo unamwona kwenye kioo. Akipotea kwenye kioo, simama. Mimi na wangu tumekubaliana: kofi moja kwenye bodi ni breki, bila mjadala.

Hatua ya tano: kabla ya kufungua bodi. Hendibreki, gia, magogo kwenye matairi, taa za hazadi. Mzigo huwa umelalia bodi njiani, kwa hiyo anayefungua asimame pembeni ya bodi, kamwe asisimame mbele yake. Nimeona mfuko wa kilo 50 ukimwangukia mtu mguuni.

Hatua ya sita: kushusha. Bei ya makuli ikubaliwe kabla mfuko wa kwanza haujaguswa, na ijulikane nani analipa, wewe au mwenye duka. Kati ya gari na kibaraza kama kuna mtaro, weka mbao mbili nene zilizobanwa pamoja. Usipange mifuko ya mteja kuwa ngazi, itapasuka na utailipa. Toa mzigo pande zote mbili kwa zamu, usimalize upande mmoja, hasa pakiwa na mteremko. Gari linaweza kuinama.

Kuhesabu tunatumia vizibo vya soda. Kila kuli akibeba mfuko utingo anampa kizibo, mlangoni anakidondosha kwenye kopo la mwenye duka. Kila vikifika 20 mnasimama, mnalinganisha. Ubishi wa "imepungua miwili" hufia hapo.

(Kariakoo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya miaka 100 baadaye mzigo bado unaingia kwa ngata kichwani.)

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, mimi nina duka Mbagala. Madereva wananishushia barabarani wanaondoka, nabaki na mifuko 50 juani. Haki yangu ni ipi?

Jibu: Dada yangu, yaandikwe kwenye oda: "kushusha mpaka stoo". Ukinunua kwa bei ya "mpaka dukani" bila kueleza, kila mtu ana duka lake kichwani. Na wewe usisaini hati ya kupokea mzigo kabla ya kuhesabu.

Swali: Mkuu, nondo je? Uchochoro wangu una kona.

Jibu: Nondo ya mita 12 huja imekunjwa katikati, na hapo ndipo hatari ilipo. Waya ukikatwa, ncha zinafyatuka. Kata waya ukiwa upande wa mkunjo, watu wote wakae mbali na ncha. Kwenye kona zibebe tatu tatu, mtu mbele na mtu nyuma. Usiziburute, utang'oa ukuta wa watu.

Swali: Kirikuu inabeba mifuko mingapi ya saruji nikifaulisha?

Jibu: Imetengenezwa kubeba kilo 350, hiyo ni mifuko 7. Najua unaiona mtaani na 15. Tazama na springi zake.

Swali: Trafiki akinikuta nashusha?

Jibu: Shuka, salimia, onyesha hati za mzigo, mwambie umebakiza mifuko mingapi. Akisema ondoka, funga bodi uondoke, uzunguke urudi. Utingo abaki na mzigo ulioshuka, na kopo la vizibo libaki naye.