Somo: Joistiki, throtoli na pedali kwenye ndege moja ya kompyuta

Kwenye programu ya kurusha ndege, mwenye joistiki moja (fimbo ya kuongozea ndege) hasumbuki sana. Kazi huanza akiongeza throtoli (mkono wa nguvu ya injini) na pedali za miguu: ndege imesimama, mikono iko mapajani, na bado usukani wa mkia unatikisika wenyewe. Wengi hulaumu kifaa. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila viwili vimepewa kazi moja.

Hatua ya 1. Programu ya kurusha ndege ikiwa imezimwa, chomeka vifaa kimoja kimoja. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha jaribu kila mhimili (kila upande kifaa kinaposogezwa au kuzungushwa) wa kifaa hicho. Alama ya mhimili ikirukaruka hapo bila wewe kugusa kifaa, shughulikia hilo kwanza. Epuka kigawanyi cha USB kisicho na umeme wake, kwani tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na vifaa vyote vitagawana hizo hizo. Weka alama kwenye kila tundu ujue nani anakaa wapi.

Hatua ya 2. Hapa usiharakishe. Iwe ni X-Plane, FlightGear au Microsoft Flight Simulator, fungua mipangilio ya vidhibiti, chagua kifaa kimoja, soma kila mhimili umepewa kazi gani. Programu ikiona kifaa kipya inaweza kukipangia kazi bila kukuuliza. Joistiki inayozungushwa shingo hupewa usukani wa mkia, na pedali nazo hupewa huo huo. Kitelezi kidogo cha joistiki hushika nguvu ya injini, na throtoli vilevile. Futa kazi za ziada hadi kila moja ibaki na mwenyewe mmoja. Mimi huandika karatasini kabla ya kugusa chochote, na imeniokoa mara nyingi.

Hatua ya 3. Acha nafasi ndogo isiyohisi mguso katikati ya pedali. Naanza na asilimia 3. Ikizidi sana, ndege inakuwa nzito kuitika.

Maswali

Nasukuma throtoli hadi mwisho, ndege haisogei. Kwa nini?
Angalia breki za pedali. Pengine mhimili wake umegeuka, hivyo usipokanyaga ndipo breki inapokaza. Ugeuze kwenye mipangilio ya vidhibiti.

Mwalimu, jana ilikuwa sawa, leo mipangilio haipo.
Umebadilisha tundu? Kifaa kinaweza kuonekana kigeni. Kirudishe kilipokuwa.

Pedali zinapotea katikati ya safari.
Kwenye orodha ya vifaa vya Windows (Device Manager), ondoa ruhusa ya kompyuta kuzima tundu la USB ili kuokoa umeme.

Nimefuta kazi zote za ziada, lakini ndege ndogo ya Cessna 172 bado inavuta kushoto ikiondoka.
Hapo vifaa vyako ni sawa kabisa. Ndege halisi ya propela moja inayozunguka kama mishale ya saa, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, hufanya vivyo hivyo ikipewa nguvu zote. Kanyaga pedali ya kulia.